Anayesema Hewani Amejionyesha

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, askari wa Urusi walioandikishwa jeshini miezi michache tu nyuma walikuwa wamelazwa katika jengo la chuo cha ufundi mjini Makiivka, mashariki mwa Ukraine. Mwaka mpya ulipoingia, makombora ya Ukraine yaliliangukia jengo hilo likaporomoka. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitangaza kwamba waliokufa ni 89, ikataja na sababu: askari waliwasha simu zao wakazitumia kwa wingi, ingawa ilikatazwa, na adui akajua walipo. Wapo Warusi waliokataa maelezo hayo. Walisema makamanda wanawatwika marehemu lawama ili kuficha uzembe wa kuwarundika watu wengi mahali pamoja. Kwa maoni yangu kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Simu husema, na simu mia kadhaa chini ya paa moja husema kwa sauti kubwa zaidi.

Nimeanza na simu kwa sababu kila msomaji anaijua. Simu iliyo mfukoni, hata kama hakuna anayepiga, huamkiana na mnara kila baada ya muda: nipo hapa, namba yangu ni hii, kama kuna ujumbe nipitishie. Haiwezi kufanya kazi bila kujitambulisha. Na mambo yote nitakayoeleza yanatokana na hilo. Mtu, meli, rada au droni ikitoa wimbi la redio, wimbi halimwendei mlengwa peke yake. Linasambaa, na yeyote mwenye antena ya kufaa hulipokea bila aliyelitoa kuhisi kwamba amesikilizwa.

Hapo ndipo zilipozaliwa kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ujasusi wa mawimbi, yaani kunasa kinachotoka kwa adui na kukigeuza maarifa. Kinachonaswa kinaweza kuwa maongezi na ujumbe wa watu, au mawimbi yasiyo na neno hata moja, kama ya rada na ya mitambo ya kuongozea makombora. Kazi ya pili ni vita vya kielektroniki: kuyatumia mawimbi kama silaha, kumziba adui masikio, kuipofusha rada yake, kumdanganya, na kuyakinga mawasiliano yako asikufanyie hayohayo.

Vyombo vya kazi hizi mbili hufanana sana. Antena inaweza kuwa ileile, redio ileile, hata askari mwenyewe akawa yuleyule. Kinachozitenganisha ni haraka na matumizi. Rubani akisikia mlio ndani ya ndege kwamba rada ya makombora imemshika, ana sekunde chache za kuamua. Hivyo ni vita vya kielektroniki. Wimbi hilohilo likirekodiwa, likapelekwa makao makuu na kuchambuliwa wiki nzima ili ijulikane rada ile ni ya aina gani na ilihamishiwa pale lini, huo ni ujasusi.

Mistari miwili kwenye ramani

Watu wengi hudhani kazi kubwa ya msikilizaji ni kujua adui anasema nini. Kwa kweli hilo huja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa, maana misimbo ya kisasa, yaani mipangilio ya kuficha maneno, ikitumiwa sawasawa haifunguki. Swali la kwanza ni: anasema kutoka wapi?

Tuchukue redio moja ya mkononi ya kamanda wa kikosi kidogo. Anabonyeza, anasema kwa sekunde 5, anaachia. Kilomita 30 kutoka hapo kuna gari lenye antena kadhaa zilizopangwa kwa duara. Wimbi linaifikia antena moja kabla kidogo ya nyingine, na kompyuta inapima tofauti hiyo na kutoa jibu. Jibu lenyewe ni mwelekeo tu, mstari unaochorwa kwenye ramani kutoka kwenye gari kuelekea sauti ilikotoka. Gari la pili, lililofichwa mbali na la kwanza, nalo linachora mstari wake. Mistari inapokatana, ndipo alipo yule kamanda.

Ila hapo pana walakini. Kosa la nyuzi 1 tu, kwa umbali wa kilomita 30, linakusogeza pembeni zaidi ya mita 500. Basi huongezwa gari la tatu, na mistari mitatu haikutani kwenye nukta. Huacha pembetatu ndogo, na mtu yumo mahali fulani ndani yake au karibu nayo. Njia nyingine ni ya saa. Wimbi la redio husafiri takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo vituo vyenye saa zilizolinganishwa barabara huweza kukokotoa mahali kwa kuangalia kipi kimesikia kwanza na kimetangulia kwa kiasi gani. Hata hivyo wapiga mizinga makini hawafyatui kwa mistari pekee. Pembetatu hupewa watu wa droni, nao hupeleka jicho: kuna hema, kuna gari, kuna nyayo nyingi zinazoingia handaki moja? Sekunde 5 za maongezi zimeshakuwa shabaha.

Aliyepata kuuona ukweli huu kwa uchungu ni Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Wachechnya waliokuwa wakipigania kujitenga na Urusi. Aprili 21, 1996 alitoka nje kuzungumza kwa simu ya setilaiti. Warusi walilifuata wimbi la simu hiyo, makombora yakampata akiwa bado mazungumzoni.

Baada ya "wapi" huja "nani", na hapa pia hakuna haja ya kufungua msimbo. Kituo kimoja kikizungumza na vingine vitano, na vile vitano havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe, basi kile kimoja ni cha mkubwa. Mtandao uliozoea kupiga gumzo kila saa ukinyamaza ghafla, wasikilizaji hukaa macho, kwa kuwa ukimya wa namna hiyo mara nyingi hutangulia shambulio. Enzi za alama za Morse, wasikilizaji waliwafahamu watumaji wa upande wa pili kwa mkono wao, jinsi kila mmoja alivyogonga ufunguo wake, kama unavyomtambua ndugu yako gizani kwa hatua zake. Mtumaji akisikika kutoka mahali papya, walijua kikosi chake kimehama.

Rada nazo zina mkono. Kila aina hutoa mapigo ya urefu wake, kwa mwendo wake na masafa yake ya redio, na majeshi hutunza daftari kubwa la sifa hizo kama polisi wanavyotunza alama za vidole. Daftari halijazwi vitani. Hujazwa wakati wa amani, na ndiyo maana ndege za upelelezi hupita karibu na mipaka ya watu siku ambazo hakuna risasi inayolia. Ndege isiyobeba hata bomu moja inaweza kurudi na kitu chenye thamani kuliko bomu: rekodi ya rada iliyowashwa kumtazama mgeni.

Maneno yenyewe

Pamoja na hayo, maneno yakipatikana hugeuza vita. Agosti 1914, Warusi walipoingia Prussia Mashariki, jimbo la Ujerumani, vituo vyao vingi vilituma maagizo hewani bila kuyasimba, kwa sababu misimbo haikuwa imefika kwa kila kikosi. Wajerumani walisikiliza tu. Wakajua jeshi moja la Urusi halina haraka ya kwenda kulisaidia jingine, wakaligeukia lile la Jenerali Samsonov na kulizingira. Zaidi ya askari 90,000 walitekwa kwenye vita vya Tannenberg, na Samsonov akajiua.

Mwaka 1942 Wamarekani huko Hawaii walikuwa wamefungua sehemu ya msimbo wa jeshi la majini la Japani. Waliona maandalizi ya kushambulia mahali palipoitwa AF, na Joseph Rochefort, mkuu wa wafumbuzi hao, na wenzake waliamini ni kisiwa cha Midway. Kuamini hakukutosha. Basi Midway iliagizwa kwa kebo ya chini ya bahari, ambayo Wajapani hawakuweza kuisikiliza, itangaze kwa redio bila msimbo kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya bahari umeharibika. Muda si muda, ujumbe wa Kijapani ulinaswa: AF ina upungufu wa maji. Mwezi Juni meli za Marekani zilikuwa zikisubiri, na Japani ikapoteza meli nne za kubeba ndege.

Mwaka huohuo kazi kama hiyo ilifanyika Mombasa. Ndege za Japani zilipoishambulia Colombo mwezi Aprili, Waingereza waliwahamishia Kilindini wafumbuzi wao wa misimbo waliokuwa huko, wakawaweka katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Hapo ulifunguliwa msimbo wa JN-40, uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Mlango ulifunguliwa na kosa: mtumaji mmoja alisahau sehemu ya ujumbe, akautuma upya ukiwa umekamilika, lakini kwa ufunguo uleule wa kwanza, yaani mpangilio uleule wa siri wa kuuficha. Jumbe mbili zinazokaribia kufanana zikiwekwa sambamba humwonyesha mfumbuzi jinsi herufi zinavyohamishwa.

Nimelikazia kosa hilo kwa makusudi. Ukisoma historia ya misimbo iliyofunguliwa, ya Wajerumani, ya Wajapani, hata ya Waingereza wenyewe, utakuta mara nyingi hesabu ilikuwa imara na binadamu ndiye aliyelegea. Alichoka, akarudia ufunguo. Alizoea, akafungua kila ujumbe kwa salamu ileile.

Kelele na uongo

Sasa tuje kwenye kuvuruga. Rada hutuma wimbi, likagonga ndege, mwangwi ukarudi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwangwi unaopokelewa hudhoofika mara 16, kwa kuwa wimbi limechoka kwenda na limechoka kurudi. Lakini mtambo wa kuvuruga uliomo ndani ya ndege hutuma kelele yake safari moja tu. Kwa umbali uleule kelele hudhoofika mara 4. Ndege ikiwa mbali, basi, kelele huumeza mwangwi. Ikikaribia, mwangwi hukua upesi kuliko kelele, mpaka ifike mahali rada inaiona ndege ndani ya kelele zake mwenyewe. Wapangaji wa mashambulizi ya anga huujua umbali huo kwa kila rada iliyomo daftarini, na njia za ndege huchorwa kwa kuuzingatia.

Kwa redio na setilaiti, hesabu humwelemea zaidi anayelindwa. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na wimbi lao linapofika ardhini ni dhaifu kuliko hata mnong'ono wa umeme ulio ndani ya kipokezi chenyewe; kipokezi hulichomoa kwa sababu kinajua mpangilio wa kulitafuta. Mtambo mdogo ulio kilomita chache tu huweza kulifunika wimbi hilo bila taabu. Makombora ya Marekani yanayojiongoza kwa GPS, yakiwemo ya mizinga, yalipofika Ukraine yalilenga vizuri sana mwanzoni, kisha Warusi wakapanga mitambo yao ya kuvuruga, na usahihi wake ukashuka.

Kudanganya ni kugumu kuliko kupiga kelele, na kuna madhara zaidi. Mwenye kipokezi kilichozibwa anajua kimezibwa. Aliyedanganywa haoni kasoro yoyote. Ramani yake inamwonyesha yupo, tena kwa uhakika, mahali ambapo hayupo. Juni 2017 mabaharia katika Bahari Nyeusi waliona vyombo vyao vikidai kwamba meli ziko kwenye uwanja wa ndege, nchi kavu.

Uongo wa zamani ulioniteka zaidi ni wa Hamburg. Usiku wa Julai 24, 1943, ndege 791 za Uingereza zilielekea mji huo, na njiani watu waliokuwa ndani yake wakawa wanasukuma nje mafungu ya vipande vya karatasi vyenye upande wa alumini. Kila kipande kilikuwa na urefu wa takriban sentimita 27. Urefu huo haukubahatishwa. Rada ya Wajerumani iliyoitwa Würzburg ilitumia wimbi la sentimita 53 hivi, na kipande chenye nusu ya urefu wa wimbi huitika kama kengele iliyogongwa. Vipepeo vile vya bati vilipeperuka taratibu gizani, kila fungu likijibu kama ndege nzima, na vioo vya rada vikajaa. Mizinga ikapiga hovyo. Waingereza walipoteza ndege 12 tu. Katika mashambulizi ya wiki ile zaidi ya watu 30,000 wa Hamburg walikufa, wengi wao raia, na sipendi mbinu ile isifiwe bila idadi hiyo kutajwa. Jambo jingine la kutafakari ni kwamba Wajerumani nao walikuwa wameigundua. Kila upande uliificha kwa muda mrefu, ukiogopa kwamba ukiitumia mara moja utakuwa umemfundisha adui. Hofu hiyo haijaondoka hadi leo: mbinu nzuri kabisa za vita hivi hukaa kabatini, kwani siku ya kutumiwa ndiyo siku zinapoanza kuchakaa.

Gharama ya kupiga kelele

Mtambo wa kuvuruga nao unatoa wimbi, tena kubwa kuliko yote. Kwa wasikilizaji ni kama mtu aliyewasha moto mkubwa kileleni. Yapo makombora, kama HARM la Marekani, yaliyotengenezwa kufuata wimbi la rada hadi kwenye antena. Juni 9, 1982, katika Bonde la Bekaa huko Lebanon, Waisraeli walirusha kwanza ndege zisizo na rubani zilizojifanya ndege za kivita. Wasyria wakawasha rada kuzikabili. Mara tu zilipowaka, zilijulikana zilipo, na hadi jioni betri 17 kati ya 19, yaani vikosi vya mitambo ya kurushia makombora, zilikuwa zimeharibiwa.

Linganisha na aliyejua kunyamaza. Machi 27, 1999 kikosi cha Yugoslavia chini ya Zoltán Dani kiliitungua F-117 ya Marekani, ndege iliyoundwa isionekane kwa rada, kwa kutumia S-125, mtambo wa makombora wa Kisovieti wa miaka ya 1960. Dani hakuruhusu rada iwake zaidi ya sekunde 20 kwa wakati mmoja, na alikuwa akihamisha mitambo yake mara kwa mara. Vita vilikwisha kikosi chake kikiwa bado kizima. Sijaona somo bora kuliko hili kuhusu jinsi nidhamu inavyofidia uchakavu wa vyombo.

Kuna gharama nyingine inayozungumzwa kidogo. Ukiziba masafa ya adui, umejinyima kumsikiliza. Afisa wa ujasusi anataka adui aendelee kuongea. Kamanda aliye mbele, ambaye askari wake wanapigwa, anataka adui asiweze kuagiza hata sanduku la risasi. Wote wawili wana haki, na hakuna mtambo unaowaamulia. Tena kelele haichagui. Pale Ukraine vikosi vimeshuhudia droni zao zikianguka kwa sababu ya mtambo wa wenzao waliopakana nao, ambao hawakuarifiwa nani anarusha nini na saa ngapi.

Raia wa nchi zisizo vitani huguswa pia. Aprili 2024 shirika la ndege la Finnair lilisitisha kwa mwezi mmoja safari za kwenda Tartu, Estonia, kwa sababu utuaji kwenye uwanja ule ulitegemea GPS nayo ilikuwa ikivurugwa. Naliona jambo hili kuwa zito. Abiria hana habari na vita, lakini njia ya ndege yake inapita ndani yake.

Kujikinga kuna njia nyingi na zote zina bei. Redio hurukaruka masafa kwa mpangilio ambao mtumaji na mpokeaji pekee wanaujua. Wazo hilo lilipewa hati ya ubunifu Marekani mwaka 1942 kwa mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil, waliotaka topido ziongozwe bila kuvurugwa. Kama vibonyezo vya piano, masafa ya chombo chao yalikuwa 88. Antena huwekwa mbali na handaki, nguvu ya wimbi hupunguzwa, ujumbe hufupishwa.

Na ukitaka kuona mbio hizi zinakimbia kasi gani, tazama droni ndogo za Ukraine. Mei 2023 RUSI, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa ulinzi, ilikadiria kwamba Waukraine walikuwa wakipoteza takriban droni 10,000 kwa mwezi, na ikataja mitambo ya kuvuruga ya Urusi kama sababu kubwa. Warushaji wakabadilisha masafa. Wavurugaji wakayafuata. Wakabadilisha tena, mchezo ukawa wa wiki kwa wiki. Mwaka 2024 ikaanza kuonekana kwa wingi droni ya aina nyingine, iliyobeba roli ya uzi mwembamba wa kioo. Inaporuka, uzi hufunguka nyuma yake kwa kilomita 10 au zaidi, na picha na amri hupita ndani ya uzi kama mwanga. Haitoi wimbi la kunaswa. Haina sikio la redio la kuzibwa. Gari la antena zilizopangwa kwa duara halisikii chochote.

Kwa hiyo askari wamerudi kwenye macho na masikio yao. Wanabeba bunduki za kuwindia ndege. Na juu ya barabara za karibu na mstari wa mbele, kilomita baada ya kilomita, zimetandwa nyavu kwenye nguzo, baadhi yake zikiwa nyavu za wavuvi zilizotolewa na watu wa pwani za mbali, ili droni iliyokuja kimya inaswe na kamba.